Mtoto akikwambia "Bibi, nimeona kitu", acha unachofanya

Assalaam alaykum. Haya niliyasema siku ya wazazi kwenye skuli moja hapa Wete, Pemba, mwezi wa Disemba, tumekaa chini ya mwembe, na spika siku ile ilikuwa inakatakata kwa hiyo waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyie wanangu mliokaa kwenye majamvi hapo mbele. Mie ni mwalimu mstaafu, nimesomesha bayolojia mpaka nywele zimekuwa nyeupe, lakini leo sikuja kusema mitihani. Mitihani mnaijua. Na habari mbaya pia mnazo, kila mtu hapa ana simu na kila simu imejaa ajali, misiba na watu kutukanana. Mie nimekuja na habari njema tu. Za paka, za popo wetu, za kobe, na za watoto walioinua macho juu wakaona kitu ambacho wakubwa hawajakiona. Na nataka mzisikilize vizuri kwa sababu karibu kila moja ina mtu wa pembeni ambaye hatajwi sana, na huyo mtu ndiye nimemfuata hapa leo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nina mjukuu, ana miaka tisa. Siku moja baada ya magharibi kanijia mbio jikoni, mie nakuna nazi, nimechelewa, umeme umekatika. Akasema, "Bibi, nimeona nyota inatembea." Nikamwambia ndege hiyo, nenda kasome. Akasema, "Bibi, ndege taa zake zinawaka zinazima, hii haizimi, na haina sauti." Jamani mtoto alishaniletea na ushahidi! Nikamwambia nyamaza, huoni nina kazi. Akanyamaza.

Siku ya pili yake, mapema kidogo kuliko jana, nikamuona kakaa uani juu ya kinu, kimya, anaangalia juu, hakuniita. Ile kutoniita ndiyo iliyonichoma. Nikaacha nazi nikatoka nikasimama karibu yake, tukangoja wee, mara ikatokea upande wa kusini magharibi, nyeupe, imetulia, inakwenda kama mtu anayejua anakokwenda, ikapanda mpaka juu ya mnazi wa jirani na pale pale katikati ya mbingu ikafifia ikapotea, kama mtu kazima taa. Mjukuu wangu akanigeukia. Hakusema si nilikwambia. Aliniangalia tu.

Ile ni nyumba. Ni kituo cha kimataifa cha anga, na ndani yake mna watu, tangu Novemba 2000 hakijakaa kitupu hata siku moja. Ukubwa wake kama uwanja wa mpira. Kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, dunia nzima wanaizunguka kwa dakika kama 90, yani wewe ukisali magharibi ukakaa msikitini ukangojea isha, ukasali, ukarudi nyumbani, wao washamaliza duara. Na kiko juu kilomita kama 400 tu, kikipita hapa juu ya vichwa vyetu kiko karibu kuliko Dodoma. Kinang'aa kwa sababu huko juu jua bado linakipiga wakati sisi huku lishatuchwea, na pale kilipopotea hakikuzima chochote, kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Wapo watoto wa skuli nchi mbalimbali wanazungumza na waliomo kwa redio, skuli nzima inapanga foleni kwa sababu kikipita juu yao wana dakika kama kumi tu halafu sauti inapotea upeo wa macho.

Sasa mnajua kwa nini ile siku ya kwanza iliniuma? Kwa sababu na mie nilifanyiwa. Nilikuwa darasa la tatu, nikaona mwezi mchana, saa nne asubuhi, mweupe kama kipande cha pamba, nikamwambia mwalimu, simtaji jina, na yeye hakutoka nje kuangalia. Alisema mwezi ni wa usiku, ukauona mchana unaota, akanipigisha magoti mbele ya wenzangu. Mwezi uko pale, dirishani, unaonekana. Mie nimepiga magoti nauona. Miaka mingi imepita na bado naukumbuka ule mwezi.

Basi nataka niwape hadithi ya kinyume chake. Tarehe 14 Machi 1930, mji wa Oxford, Uingereza, mtoto wa kike wa miaka 11 anaitwa Venetia Burney kakaa mezani na babu yake, wanakunywa chai ya asubuhi. Babu anasoma gazeti kwa sauti. Gazeti linasema kule Marekani wameona sayari mpya, mbali kabisa, bado haina jina. Aliyeiona ni kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, mtoto wa mkulima, kazi yake ilikuwa kulinganisha picha mbili mbili za nyota, zilezile, zilizopigwa siku tofauti, maelfu ya vinukta, mpaka akakuta kinukta kimoja kimehama. Venetia alikuwa anapenda hadithi za zamani za Warumi, akafikiri kidogo akasema, kwa nini wasiiite Pluto? Huyo kwenye hadithi zao ni mtawala wa chini ya ardhi kwenye giza, na sayari yenyewe iko gizani.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Babu yake, Falconer Madan, alikuwa mtu mzito, aliwahi kuongoza maktaba kubwa ya chuo cha Oxford. Angeweza kusema kula mkate wako mwanangu. Hakusema. Alikwenda akamwambia rafiki yake mtaalamu wa nyota, Herbert Hall Turner, na yule akapiga simu ya maandishi mpaka Marekani, na tarehe 1 Mei mwaka ule ule jina likatangazwa: Pluto. Babu akampa mjukuu wake pauni 5.

Na haikuishia hapo. Mwaka 2006 kilirushwa chombo cha Wamarekani kinaitwa New Horizons, kilikwenda miaka tisa na nusu, tarehe 14 Julai 2015 kikapita karibu na Pluto kikatuletea picha ambazo hajawahi mtu kuziona, na ndani ya chombo kile mna kifaa cha kuhesabu vumbi la angani kilichoundwa na wanafunzi wa chuo kikuu, wakakipa jina la Venetia. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, 2009, na umri wa miaka 90. Jina lake linaendelea kwenda mpaka hivi sasa tunavyozungumza. Asubuhi ile moja tu, chai na gazeti, na babu aliyesikiliza.

Kuna na mwingine wa juzi juzi, Kathryn Gray, wa Kanada, miaka 10. Mwanzo wa mwaka 2011 alikuwa anaangalia picha za galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, kwenye kompyuta pamoja na baba yake, picha ya zamani na picha mpya, kama vile Tombaugh, akaona kinukta ambacho hakikuwepo. Ilikuwa nyota imelipuka, supanova, kwenye galaksi iliyo mbali miaka ya mwanga milioni 240, yani mwanga wake umesafiri miaka milioni 240 mpaka kutufikia. Wakubwa wenye darubini zao walithibitisha. Na huyu naye, mnaona, alikuwa na mtu kakaa pembeni yake.

Naona wengine mnasema haya ya Ulaya na Marekani, sisi Pemba tuna nini na anga. Tunayo, na karibu kuliko mnavyodhani. Wazee mliopo hapa mnaweza kukumbuka, miaka ya mwanzo ya 60 pale Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga. Watu wengine walikipinga, waliogopa ni mambo ya makombora. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Mmarekani wa kwanza kufanya hivyo, alipokuwa anavuka Afrika sauti yake ilikuwa inapokewa Tunguu. Tunguu hii hii ya mihogo na miembe! Kituo kilifungwa 1964, na leo Tunguu pana chuo kikuu chetu cha Taifa, SUZA, watoto wenu wanasoma pale.

Na kuna lile la kobe, ambalo nikiwaambia watoto hawaniamini mpaka niape. Septemba 1968 Warusi walirusha chombo, Zond 5, hakuna mtu ndani, wamo kobe wawili na nzi na mbegu na vidudu vingine. Kobe wale walikwenda mpaka mwezini wakauzunguka, wakarudi, na chombo kikaangukia wapi? Bahari ya Hindi. Bahari yetu hii. Walitoka wazima, wamepungua uzito kiasi lakini wanakula. Binadamu wa kwanza kuuzunguka mwezi walikwenda Disemba ya mwaka ule ule, miezi mitatu baadae. Kwa hiyo wanangu, mkienda kisiwa cha Changuu mkawaona wale kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, mkawa mnawalisha mchicha, jueni jamaa zao wadogo walifika mwezini kabla yetu. Sie tumekua na hadithi za sungura mjanja na kobe anayekwenda pole pole, na kumbe safari ya mbali kuliko zote alitangulia kobe.

Sasa tuje chini, tuingie ndani ya nyumba zetu. Paka.

Hapa hakuna nyumba isiyo na paka, na asiye na paka basi paka wa jirani anaye. Mtume wetu s.a.w. alishatufundisha kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Na wachimbaji wa mambo ya kale kisiwa cha Cyprus walikuta kaburi la miaka 9,500, mtu kalazwa na pembeni yake, sentimita kama 40 tu, kalazwa paka. Kisiwani kule hapakuwa na paka wa asili. Maana yake mtu alimpakia chomboni akavuka naye bahari. Mie mtu wa kisiwa hili linanigusa sana, miaka elfu tisa na zaidi iliyopita mtu anahama, ana vitu vyake vichache, na anamchukua na paka wake.

Mwaka 2019 watafiti wa Japani, akiwemo Atsuko Saito, walitoa utafiti kwamba paka wa nyumbani wanalijua jina lao. Walifanya hivi: paka katulia, anasomewa maneno manne ya kawaida, yenye urefu sawa na jina lake, kwa sauti ile ile, mpaka anachoka hajali tena, halafu linatajwa jina lake. Wengi walitikisa sikio au kugeuza kichwa. Hata aliyesema akiwa mtu mgeni.

Mjukuu wangu kusikia hivyo hakulala. Paka wetu anaitwa Ndimu. Akachukua daftari, akaandika maneno yake, akamngojea Ndimu alale kwenye kizingiti, akakaa mbali akaanza kwa sauti moja: ndizi, ndoo, dagaa... Pale pale Ndimu kainuka, mkia juu, kaja mpaka miguuni. Jaribio limeharibika. Akaandika kwenye daftari, "dagaa analijua, usiliweke." Nilisoma sentensi ile nikakaa kitako, kwa sababu hivyo ndivyo mtaalamu anavyofanya, haoni aibu ya kukosea, anaandika. Kesho yake akabadilisha: ndizi, ndoo, ndugu, nguo. Sikio la Ndimu mwanzo lilisogea, halafu kidogo, halafu halisogei. Halafu Ndimu. Mie nilikuwa nimekaa naangalia sikio lile la kushoto, lina kipande kimetoka kwa ugomvi wa usiku, na lilizunguka taratibu kama dishi linatafuta chaneli, macho hata hakufungua. Mtoto alifunika mdomo kwa mikono miwili asipige kelele akamwamsha.

Daftari moja, paka mmoja, na hakuna bando lililotumika.

Na nje ya nyumba ndio zaidi. Nani hapa hajawahi kufika Kidike, kwenye miti ya popo? Popo wetu, mwenye manyoya ya rangi ya kahawia iliyoiva na mabawa meusi, akiyakunjua anafika mita moja na nusu, huyu hayupo pahala pengine popote duniani. Si Unguja, si Tanga, ni Pemba tu. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa wamebaki wachache mno, tuliwawinda kwa nyama na misitu tukaikata, na popo anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, sasa ukimpiga mama umemaliza na mwana. Wataalamu walidhani ndio basi. Lakini watu wa vijiji, sio wageni peke yao, wa vijiji, wakakubaliana kuacha kuwinda na kulinda miti wanayolala. Idadi ikapanda, baadae walipohesabiwa wakakutwa zaidi ya 20,000. Sijui kama mnaelewa uzito wake. Mnyama alikuwa anapotea duniani na aliyemrudisha ni mtu wa Pemba, mkulima, mvuvi, kwa kukubali tu kuweka bunduki na nyavu chini.

Niliwapeleka watoto kule mchana wa jua kali. Wakubwa tulikuwa tunapiga picha. Kibinti kimoja kikavuta shati langu, kikasema mwalimu, wale wanajipepea. Nikaangalia. Kweli, popo wananing'inia kichwa chini na kila mmoja kafungua bawa moja anajipepea pole pole kama bibi harusi na upepeo, mti mzima unapepea. Nimepita chini ya miti ile mara ngapi maishani mwangu? Wao wanakula mashelisheli yetu na maembe yetu, tunalalamika, lakini mbegu wanazozitupa usiku ndio misitu ya kesho.

Unguja nao wana lao. Kima punju, yule mwekundu wa msitu wa Jozani, mwaka 2017 walitoa hesabu mpya, zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa. Hata hapa kwetu, msitu wa Ngezi, waliletwa wachache miaka ya 70. Na wale kima wanakula makaa, jamani, makaa ya kupikia! Majani ya mkungu na ya mwembe wanayapenda, yana lishe lakini yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa yanazinyonya, kwa hiyo wanakwenda wanachukua kipande wanatafuna, kama sisi tunavyokunywa dawa baada ya kula.

Nirudi juu kidogo halafu nimalize, naona jua linasogea. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa Afrika Kusini walieleza kwamba yule mdudu anayeviringisha mavi ya ng'ombe, ambaye sisi tunamkanyaga, usiku anakwenda moja kwa moja kwa kufuata ule mkanda mweupe wa nyota. Walijuaje? Walimvalisha vikofia vya karatasi asione juu, akapotea njia, akawa anazunguka zunguka. Mdudu anaangalia juu. Na manahodha wetu waliangalia juu, wakulima wetu waliangalia juu, si tunasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua? Usiku wa leo baada ya isha tokeni uani mwangalie kaskazini mashariki, mtakiona Kilimia, kifungu cha nyota ndogo ndogo zimebanana. Nyuma yake ipo moja nyekundu nyekundu, dunia nzima wanaiita Aldebaran, na hilo ni neno la Kiarabu, anayefuata, kwa sababu inakifuata Kilimia. Chini yake zaidi ipo nyota kubwa, buluu, Rigel, nyie mnaosoma chuoni mnajua rijl ni nini. Mguu. Majina yale si mageni kwenu, yako ndani ya vitabu mnavyovibeba kila siku.

Wazazi, ninachokuombeni ni daftari moja la kurasa 80, mlitoboe, mlitundike kwenye msumari karibu na mlango, na kalamu iwe imefungwa kwa uzi. La kwetu mjukuu wangu kaliandika juu "Nimeona". Juzi nimelifungua. Jumatatu: ninga wawili juu ya mfenesi, mmoja anamlisha mwenzake. Jumatano: maji yamekupwa mbali kuliko jana, mwezi umejaa. Ijumaa: Bibi kaona nyota inatembea kabla yangu.

Nina mengine lakini kuna mtoto hapo mbele, mstari wa pili, mwenye kilemba cha buluu, tangu nilipoanza kusema habari za popo kanyoosha mkono hajaushusha, na mkono mwingine kaushikilia usichoke. Spika mpelekeeni. Haya mwanangu, simama. Umeona nini?